Makerere imeurudisha mnara wake, mtihani uko kwenye majengo yasiyo na jina

Kampala. Kwa anayepanda kutoka Wandegeya na kupita lango kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Jengo Kuu linaonekana kana kwamba halijawahi kuguswa na moto. Mnara wa saa uko pale pale juu ya kilima, ukitazama uwanja wa nyasi ambako vizazi kwa vizazi vya wahitimu wamepigia picha wakiwa na majoho yao. Mgeni asiyejua habari zake ataamini kuwa anatazama jengo lililokamilika mwaka 1941.

Ukweli ni mwingine. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Septemba 20, 2020, moto ulilivamia jengo hilo, ukateketeza paa na ghorofa za juu, na kulipopambazuka zilibaki kuta zilizoungua. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Wanafunzi walikuwa makwao na wengi waliziona picha kwenye simu, kama walivyoziona wazee waliosoma hapo miaka 50 iliyopita wakiwa Nairobi, Dar es Salaam, Mwanza na Kisumu.

Asubuhi ile ile Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Barnabas Nawangwe, ambaye kitaaluma ni msanifu majengo, aliahidi kwamba jengo litarudishwa katika sura yake ya kihistoria. Serikali ya Uganda ilibeba gharama, ambazo ziliripotiwa kuwa karibu shilingi bilioni 21 za Uganda. Mwaka 2022, chuo kilipotimiza miaka 100 tangu kuanzishwa, kazi ilikuwa bado haijakamilika. Jengo lilifunguliwa tena Oktoba 2024.

Ahadi imetimizwa, angalau kwa macho. Sehemu kubwa ya kilichosimama leo ni zege jipya lililovalishwa sura ya zamani, na wapo watakaosema kwamba jengo la kuiga si urithi. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao sana. Jengo lililoungua lina haki ya kujengwa upya na watu wanaolipenda, mradi wasidanganyane kwamba ni lile lile.

Jambo zito zaidi liko nyuma ya mnara. Kuliokoa jengo ambalo kila mtu analijua, lililo kwenye nembo, kalenda na mabango ya mahafali, si uamuzi mgumu. Hakuna mwanasiasa ambaye angethubutu kusema lisijengwe. Uamuzi mgumu unahusu majengo mengine ya kilima hicho: mabweni ya enzi za ukoloni, nyumba za walimu zenye bustani pana, karakana na madarasa ya zamani ambayo hayana picha kwenye kalenda yoyote. Hayo yakibomolewa kesho ili kupisha ghorofa, wachache watalia, na pengine wachache watajua.

Kilima cha watu wengi

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye vijana 14 waliokuja kujifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mashine. Baadaye ikawa chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote iliyokuwa chini ya Waingereza, na mwaka 1949 ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Kijana wa Tanganyika, Kenya au Zanzibar aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alikuwa na njia moja kuu: kupanda kilima hiki.

Ndiyo maana orodha ya waliopita hapo inasomeka kama orodha ya wageni wa kikao cha marais. Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere kati ya 1943 na 1945. Milton Obote aliingia mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuondoka bila kumaliza. Mwai Kibaki alihitimu uchumi mwaka 1955, kisha akarudi kufundisha. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza na kumaliza mwaka 1962, mwaka ule ule ambao waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana kwenye kampasi hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo bado mwanafunzi, alikuwa miongoni mwao pamoja na Chinua Achebe na Wole Soyinka. Mkutano huo ndio uliozaa ubishi kuhusu lugha ambao Ngũgĩ aliubeba kwa maisha yake yote.

Mwaka 1963 kilima kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Nyerere akiwa mkuu wa chuo. Masomo yaligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mtanzania aliyetaka kuwa daktari alipanda gari moshi na meli kwenda Kampala, na Mganda aliyetaka kuwa mwanasheria akateremka pwani. Mpango huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo chake, na kila nchi ikabaki na majengo yake.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo halizungumzwi. Kumbukumbu ni ya wote, bili ni ya mmoja. Paa la Makerere likivuja, anayeulizwa ni Hazina ya Uganda, ambayo ina hospitali za kujenga na walimu wa kulipa. Kifungu cha 119 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni, ikiwa ni pamoja na kuoanisha sera za kuhifadhi urithi wao. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake hapa hapa Kampala, lakini kazi yake ni ubora wa elimu na ulinganifu wa shahada. Matofali hayamo katika majukumu yake.

Ardhi iliyogharimu damu

Anayetaka kuelewa uzito wa ardhi ya kilima hiki asianzie kwenye michoro ya wasanifu. Aanzie Namirembe, Septemba 5, 1945. Asubuhi hiyo Martin Luther Nsibirwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa ufalme huo, aliuawa kwa risasi kwenye kanisa kuu. Siku moja kabla, Lukiko, baraza la Buganda, lilikuwa limepitisha sheria ya kuwezesha ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma. Upanuzi wa Makerere ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa nyuma ya sheria hiyo, na waliopinga waliona ni mlango wa kuwapa wageni ardhi ya Waganda.

Moja ya mabweni ya chuo lina jina lake leo. Zamani liliitwa Northcote, na wakazi wake walisifika kwa gwaride, vyeo vya kijeshi vya kujipachika na vurugu za kampeni za serikali ya wanafunzi, mpaka utawala ukalibadilisha jina. Vijana wengi wanaolala humo bado hujiita kwa jina la zamani. Ukiwauliza Nsibirwa alikuwa nani, si wote watakaokujibu.

Habari hizi si pambo. Mtu anapopendekeza kipande cha kampasi kikodishwe kwa mwekezaji, au nyumba nne za walimu zibomolewe ipatikane nafasi ya jengo la ghorofa sita, anashughulika na ardhi ambayo watu walikufa kwa ajili yake wakiambiwa itakuwa ya elimu. Hilo halimaanishi isiguswe. Linamaanisha anayeigusa awe na maelezo.

Hesabu ya vitanda

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito, na wapenda majengo ya kale mara nyingi huupita haraka.

Kampasi ilipangwa kwa ajili ya wanafunzi mamia kadhaa waliolala chuoni, wakala chuoni, na kwenda darasani kwa miguu. Miaka ya 1990 Makerere ilifungua milango kwa wanaojilipia, na idadi ikapanda hadi makumi ya maelfu. Mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Wandegeya na Kikoni zikajaa hosteli za watu binafsi, nyingine nzuri, nyingine vyumba vya kubanana ambavyo mzazi aliyeko Masaka au Bukoba asingependa kuviona. Mwanafunzi anayelipa kodi kubwa kwa chumba kisicho na hewa ana haki ya kuuliza kwa nini nyumba moja ya mwalimu, ya chini, yenye mti wa mwembe na uwanja wa kuchezea watoto, ikalie eneo ambalo lingetosha vitanda 200.

Chuo kimejaribu kujibu kwa kujenga. Kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika yalijengwa majengo mawili makubwa ya kufundishia. Moja lilipewa jina la Yusuf Lule, aliyeongoza Makerere katika miaka ya 1960 na baadaye kuwa Rais wa Uganda mwaka 1979. Jingine lina jina la Frank Kalimuzo, makamu mkuu aliyetoweka mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Ni majengo ya kazi: kumbi pana na maabara. Hayashindani na mnara kwa uzuri, na huenda hayakukusudiwa kushindana. Lakini kuyapa majina hayo ni uhifadhi wa aina yake. Mwanafunzi anayesoma ratiba na kuona "Kalimuzo, saa mbili" amekutana na historia, hata kama hajui.

Bweni la Lumumba nalo lilifungwa ili likarabatiwe. Jina lake lina maana mpya tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022. Jirani yake ni Mary Stuart, bweni la wanawake, na urafiki wa mabweni hayo mawili una jina lake kwa wanafunzi, Lumbox, na nyimbo zake ambazo si zote zinazofaa kuandikwa gazetini. Wanawake waliingia Makerere kwa mara ya kwanza mwaka 1945, na kwa sababu yao chuo kililazimika kubadili kaulimbiu yake, ambayo mpaka wakati huo iliwataka wote wawe wanaume. Jengo lililokuja kuwapokea mabinti hao lina thamani ambayo haipimwi kwa uzuri wa madirisha yake.

Ni hapa ndipo neno "urithi" linapohitaji kufafanuliwa kabla ya katapila kuwashwa. Jengo linaweza kuhifadhiwa kwa sababu ni zuri, kwa sababu ni la kwanza, au kwa sababu ya lililotokea ndani yake. Nyumba nyingi za walimu za Makerere hazina sababu hata moja kati ya hizo. Nyingine zinazo. Mtu anayetaka zote zibaki anaufanya uhifadhi uonekane anasa ya wazee, na anayetaka zote ziondoke anategemea kwamba hakuna atakayekumbuka ipi ilikuwa ya nani.

Nairobi na Dar es Salaam

Majirani nao wamepita humu, kila mmoja kwa njia yake.

Chuo Kikuu cha Nairobi kiko katikati ya jiji, hakina kilima wala nafasi ya kutanuka. Mizizi yake ni Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956, kikiunganisha mpango wa serikali ya kikoloni na michango ya jamii ya Wahindi iliyotaka taasisi ya kumbukumbu ya Gandhi. Sanamu ya Gandhi na jengo lenye jina lake bado vipo. Miaka ya 2010 kando yake kukasimama mnara wa zaidi ya ghorofa 20. Nairobi ilichagua kwenda juu, na kwa kwenda juu ikayaacha majengo ya chini yakisimama. Ni njia ya gharama, na mnara unafunika kila kitu kilicho karibu nao, lakini ukipita chini unaweza bado kusoma miaka ya 1950 kwenye kuta.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Wakati huo Mlimani palikuwa mbali na mji. Leo mji umepazunguka. Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa lake la mikunjo, ulifikia kuwekwa kwenye noti ya Sh500. Hakuna orodha ya urithi yenye nguvu kama hiyo, maana hata mama muuza vitumbua alikuwa nao kwenye mkoba. Mlimani pana ardhi, na ardhi imetumika. Sehemu ilikodishwa kwa mwekezaji aliyejenga kituo cha biashara cha Mlimani City, mwaka 2017 zikafunguliwa hosteli za kuchukua wanafunzi 3,840, na mwaka uliofuata maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China. Dar es Salaam imebahatika: iliweza kujenga kipya bila kuvunja cha zamani. Lakini bahati hiyo ina mwisho wake, na mwisho huo unaonekana kadiri viwanja vinavyojaa.

Makerere haina mnara wa Nairobi wala mapori ya Mlimani ya zamani. Ina kilima kimoja, majengo ya karne nzima, na jiji linalosukuma kutoka pande zote.

Karatasi kabla ya kuta

Moto wa 2020 ulipaswa kutufundisha jambo jingine, na hilo halikupata nafasi sawa na picha za mnara. Jengo Kuu lilikuwa ofisi. Ndani yake kulikuwa na kumbukumbu za fedha na za utawala, na kwa siku kadhaa swali la wahitimu wengi halikuwa paa litakuwaje bali vyeti vyao vitakuwaje. Chuo kikawatuliza kwamba rekodi za masomo zilikuwa salama.

Miezi saba baadaye, Aprili 18, 2021, moto wa porini ulishuka kutoka Table Mountain ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza Jagger Reading Room, chumba cha kusomea chenye hazina ya maandishi na filamu za Kiafrika. Milango ya chuma ya kuzuia moto ilishuka na kuziokoa sehemu nyingine za maktaba. Kisha maji ya zimamoto yakatishia kilichohifadhiwa chini ya ardhi, na watu wa kujitolea wakapanga foleni kutoa makreti.

Ukiweka mikasa hiyo miwili pamoja, unaona kwamba kazi ya kwanza ya kuhifadhi kampasi ya zamani haina mvuto wowote. Ni nyaya. Jengo la 1941 halikujengwa kwa ajili ya kompyuta, mashine za kunakili na viyoyozi, na katika majengo ya umri huo umeme huongezwa kipande kwa kipande, fundi huyu juu ya kazi ya fundi yule, chini ya paa la mbao kavu. Kifaa cha kunusa moshi, ukuta wa kugawa dari ili moto usitambae kutoka upande hadi upande, milango inayojifunga, nakala za nyaraka mahali pengine: hakuna waziri anayekata utepe kwa ajili ya vitu hivyo. Lakini vinagharimu kidogo sana ukivilinganisha na shilingi bilioni 21.

Uganda ina sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, na taasisi kama Cross-Cultural Foundation of Uganda imefanya kazi ya kuorodhesha na kupiga picha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Sheria husaidia pale tu jengo linapojulikana. Kwa kampasi, jambo la maana ni orodha iliyo wazi kwa umma, iliyotolewa kabla mkopo haujasainiwa: majengo haya hayaguswi, haya yanaweza kubadilishwa ndani kuta zibaki, haya yanaweza kuondoka baada ya kupimwa, kuchorwa na kupigwa picha. Orodha ya namna hiyo humsaidia hata mjenzi, kwa sababu anajua mapema pa kuweka ghorofa zake. Anayeumia na orodha ni yule tu anayetaka kuamua kimyakimya.

Kuhusu fedha, pendekezo la mfuko wa nchi zote litachekwa, na kwa hali ya bajeti zetu lina haki ya kuchekwa. Lakini wahitimu ni jambo jingine. Wapo Nairobi, Arusha, Kigali na kwingineko, wengi wao wastaafu wenye nyumba na pensheni. Vyuo vya Ulaya na Marekani huwaandikia wahitimu wao kila mwaka kuomba mchango wa paa la bweni fulani, wakitaja bweni kwa jina. Barua inayomwambia mzee wa Machakos kwamba chumba alicholala mwaka 1962 kitabomolewa, isipokuwa yeye na wenzake watasema neno, ingesomwa.

Kazi ya kutambua majengo haihitaji kusubiri barua hiyo. Makerere inafundisha usanifu majengo, ina wanahistoria, na ina shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, iliyoanza kabla Jengo Kuu halijakamilika. Nyumba za walimu ziko umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka madarasani. Futi kamba, kamera na kundi la wanafunzi wa mwaka wa tatu vinatosha kupima nyumba mbili kwa wiki, na wazee wanaojua nani aliishi wapi bado wanapokea simu.